Ugua Pole, Frateri



Kuna magonjwa ambayo hayana heshima kabisa. Ukisema umelazwa, jumuiya nzima inapanga zamu ya kukutembelea. Ukisema una malaria, angalau mtu atakuja na juisi. Lakini ukisema una mafua, hata yale makali yanayokulaza chini wiki nzima, jibu ni moja tu: "Aa, mafua? Kunywa tangawizi, utakuwa sawa." Na huwezi kubishana, maana ni kweli, ni mafua tu.

Hata mimbarini sikumbuki kusikia mahubiri juu ya mafua. Tunahubiri juu ya Ayubu na majipu yake, juu ya wenye ukoma, juu ya saratani. Ni sawa, mateso makubwa yanastahili maneno. Ila kijana wa miaka ishirini na kitu, mara nyingi msalaba alionao mwilini ni wa saizi ndogo: homa ya siku tatu, kikohozi cha wiki mbili, tetekuwanga iliyomkosa utotoni ikamkuta chuoni. Je, Injili ina neno kwa mtu aliyelala na homa ya kawaida? Inalo. Tena liko mwanzoni kabisa mwa Injili ya Marko, na ni fupi kiasi kwamba huwa tunalipita tukikimbilia miujiza mikubwa. Nitalifikia.

Mimi niko likizo nyumbani, Njombe. Mnaoijua Njombe ya mwezi wa saba hamhitaji maelezo. Msioijua, mkija chukueni sweta mbili. Kwangu ilianza Jumatatu jioni, koo likiwasha. Jumanne nikaamka viungo vyote vinauma, kichwa kizito, mwili unachemka huku mimi natetemeka kwa baridi. Baba akanipeleka kituo cha afya. Wakanitoboa kidole, kipimo cha malaria kikaonyesha sina. Daktari akasikiliza kifua, akaangalia koo, akasema, "Frateri, hivi ni virusi. Nenda kapumzike, kunywa maji ya kutosha, meza paracetamol kwa ajili ya homa. Ukiona unapumua kwa shida, au homa inakataa kushuka, usikae nyumbani, rudi." Basi. Hakuna sindano, hakuna dripu.

Jirani yetu, mama mwenye upendo mwingi, aliposikia tumerudi na paracetamol peke yake alisikitika sana. Jioni akaja na vidonge vya rangi mbili vilivyokuwa vimebaki kwake. Mama akashukuru kwa adabu, na vidonge havikufika chumbani kwangu. Nalisema hili kwa sababu najua wengi wetu ndivyo tunavyojitibu: tunapita duka la dawa, tunaomba "zile za rangi mbili", tunameza nne, tukipata nafuu tunaacha. Dawa zile zinaua bakteria, virusi haziwagusi. Tukizitumia hovyo, bakteria wanazizoea, na siku tukipata nimonia ya kweli dawa inagoma. Upande wa pili wapo vijana wenzetu wanaosema mwenye imani hahitaji dawa, aombewe tu. Hao nawaomba wasome Yoshua bin Sira sura ya 38. Pale Maandiko yanasema kwamba tabibu ameumbwa na Mungu, na kwamba dawa inatoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu huyohuyo. Tena mgonjwa anaambiwa asali kwanza, halafu amwachie tabibu nafasi yake. Vyote viwili vimo katika sura moja.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Nyumbani tunaishi na bibi. Amevuka miaka themanini na kifua chake kinamsumbua kila baridi ikija. Mafua yaleyale ambayo kwangu ni usumbufu, kwake yanaweza kuwa safari ya hospitali, na sote tunajua safari hizo wazee wengine hawarudi. Kwa hiyo mama akanihamishia chumba cha nyuma. Sahani yangu peke yake, kikombe changu peke yake, jikoni nisikanyage, sebuleni nisikae. Bibi mwenyewe alikuwa anazunguka nje na mkongojo wake, anasimama mbali kidogo na dirisha, ananiita, "Kamwene!" Naitikia kwa sauti ya chura. Anacheka, anaondoka.

Na mnajua jina la Frateri lilivyo. Ukirudi likizo, parokia nzima inakusubiri. Utafundisha watumishi wa altare, utaongoza ibada kigangoni, utatoa mada kwa vijana, utaombwa hata kurekebisha spika ya kwaya. Jumamosi ya wiki ile nilikuwa nitoe mada kwenye semina ya VIWAWA. Mada yenyewe, msicheke, ilikuwa "Kijana na matumizi ya muda". Badala yake nilikuwa kitandani tangu asubuhi, natazama bati. Katekista akaitoa mada kwa niaba yangu. Jioni mwenyekiti akanitumia ujumbe wa kunitia moyo: "Frateri ugua pole, semina imeenda vizuri sana, wala hatujahisi pengo."

Jamani. Wala hatujahisi pengo.

Ukiwa na nguvu ujumbe kama huo unacheka. Ukiwa na homa unauzungusha kichwani usiku kucha. Kama mambo yanaenda bila mimi, mimi ni wa nini? Na naamini swali hili si la Frateri peke yake. Sisi ni kizazi cha "pambana". Tunasalimiana kwa kuulizana mishe zinaendaje. Mtu asiye na mishe hana hata cha kujibu. Basi homa inakuja, inakuvua kila kitu unachokifanya, inakuacha na wewe mwenyewe chini ya blanketi. Hapo ndipo swali linapouma: ukiondoa kazi zangu, kuna kilichobaki ambacho Mungu anakipenda?

Ungedhani angalau sala ilibaki. Nilifungua kitabu cha Masifu, herufi zikawa zinaogelea. Nikachukua rozari, nikalala kabla ya fumbo la pili, nikaamka imejizungusha shingoni. Nimesoma falsafa, na darasani tulijadili sana kama mwili ni gereza la roho, kama Plato anavyoandika katika Phaidon. Kama ingekuwa hivyo, homa ingenisaidia kusali, si ndiyo? Gereza likibomoka, mfungwa anatoka. Lakini haiko hivyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akifafanua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anasema wazi kwamba roho yake peke yake siyo yeye. Mimi ni mtu mmoja, roho na mwili. Mwili ukichoka nimechoka mimi, na sala yangu inachoka pamoja nami. Huu si upungufu wa imani. Mungu ametuumba hivyo, naye anajua alichokiumba.

Sasa, saa mbili usiku nyumbani kwetu ni rozari. Ukuta kati ya chumba cha nyuma na sebule ni mwembamba. Nikiwa nimejifunika blanketi mbili nikasikia bibi anaanza, wadogo zangu wanaitikia, na mwishoni kabisa mama akaongeza nia: akanitaja. Hakusema "Frateri". Alitaja jina langu la nyumbani, lile nililoitwa kabla sijajua kusema, na akasema tu kwamba mwanawe anaumwa. Hakufafanua. Hakumpangia Mungu la kufanya.

Hapo ndipo nikaikumbuka Marko 1:29-31.

Yesu anatoka sinagogi siku ya sabato, anaingia nyumbani kwa Simoni na Andrea, Yakobo na Yohane wakiwa pamoja naye. Ndani yumo mama mkwe wa Simoni, amelala na homa. Angalieni sana mama huyu. Bartimayo alipiga kelele hadi watu wakamkemea. Mwanamke aliyetokwa na damu alipenya katikati ya umati. Yule mwenye ukoma, mwishoni mwa sura hiyohiyo, alipiga magoti akaomba. Mama mkwe wa Simoni hafanyi lolote. Haombi, hasemi, hatuambiwi hata kama alikuwa na imani kubwa au ndogo. Amelala tu, kama mtu yeyote mwenye homa. Wenye nyumba ndio wanaomwambia Yesu habari zake, na hiyo ndiyo sala yote iliyomo katika simulizi lile: mtu mmoja amemtaja mgonjwa mbele ya Yesu. Ilitosha. Akamsogelea, akamshika mkono, akamwinua.

Kwa Kigiriki, kitenzi ambacho Marko anakitumia hapo kwa "kumwinua" ndicho anachokitumia tena kaburini, asubuhi ya Pasaka, kusema kwamba Yesu amefufuka. Yaani homa ya mama mmoja wa Kafarnaumu, ambayo Marko hakujisumbua hata kuitaja ni homa ya nini, inaguswa kwa neno la Pasaka. Kwa hiyo tusiseme ni mafua tu, Mungu ana mambo makubwa ya kushughulikia.

Halafu mama yule akawatumikia. Hapa kila tukisoma kikundini lazima dada mmoja anung'unike: "Hata hajapona vizuri, ameshapelekwa jikoni!" Nawaelewa. Lakini neno lile la kutumikia, aya chache kabla, limetumika kwa malaika waliomhudumia Yesu jangwani. Siyo adhabu ya jikoni. Na mpangilio ni muhimu kuliko yote: Yesu alimshika mkono kabla hajatumikia mtu. Alimshika akiwa hana chakula cha kuandaa wala nguvu ya kumkaribisha mgeni, nywele hazijachanwa, jasho limelowa kwenye mto. Utumishi ulikuja baada ya mkono. Swali langu la usiku, la kama kuna kinachobaki ukiondoa kazi, lilipata jibu hapo, na sikulitoa kwenye kitabu cha falsafa.

Tofauti ni kwamba yeye alipona papo hapo. Sisi wengine tunapona kwa awamu. Homa yangu ilishuka, nikajua nimepona, nikatoka kwenda kuchota maji bombani. Ndoo moja tu, nikarudi miguu inatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Kikohozi ndiyo hicho bado ninacho hadi ninapoandika. Kipindi hiki cha katikati kina ugumu wake. Si mgonjwa tena, kwa hiyo huruma imeisha. Si mzima bado, kwa hiyo kazi haziendi. Watu wanakuuliza, "Si umeshapona?" na hujui ujibu nini.

Kiswahili chetu kina busara hapa. Tunamwambia mgonjwa "ugua pole". Kabla hata ya kumtaka apone, tunamtakia augue kwa upole, asilazimishe. Na Biblia inamjua mtu wa hivyo. Eliya katika 1 Wafalme 19 amechoka hadi anaomba afe. Analala chini ya mti. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Eliya anakula, halafu analala tena! Malaika hamkaripii. Anarudi mara ya pili na chakula kingine, na anatambua kwamba safari ni ndefu kwa mtu huyu. Malaika yule hakumpa Eliya mada ya matumizi ya muda. Alimpa chakula na akamwacha alale. Kama huamini kwamba usingizi una heshima mbele ya Kanisa, Thomas wa Akwino ana makala nzima katika Summa, sehemu inayozungumzia tiba za huzuni, anauliza kama usingizi na kuoga vinasaidia, na jibu lake ni ndiyo. Mama yangu hajaisoma Summa. Kila jioni saa kumi na moja alikuwa anaweka ndoo ya maji ya moto mlangoni, anagonga, anarudi nyuma hatua tatu.

Kupokea ndoo ile kila siku na kusema asante bila kuwa na cha kurudisha kulikuwa kugumu kuliko kukohoa. Nadhani ni kugumu kwa wengi wetu, hasa sisi tulioitwa "kutumikia". Petro naye alipata shida hiyo Alhamisi Kuu, alipoona Yesu amepiga magoti mbele ya miguu yake.

Kuna kitu kingine cha siku za kupona: simu. Homa ikishuka na mwili ukiwa bado umelala, kinachobaki na nguvu ni kidole gumba. Unapandisha, unashusha, mara saa tisa usiku. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipita hapo, sema yeye hakuwa na mafua. Mwaka 1521, akiwa askari, risasi ya mzinga ilimvunja mguu kule Pamplona, akapelekwa nyumbani kwao kuuguza. Akaomba vitabu vya mashujaa na mapenzi, hivyo ndivyo alivyovipenda. Nyumbani havikuwepo. Wakampa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akasoma, na katikati ya kusoma akawa anaota pia ndoto zake za zamani, za sifa na wanawake wakubwa. Baada ya muda akagundua jambo dogo: ndoto zote mbili zilimfurahisha wakati anaziota, ila zile za zamani zikiisha zilimwacha mkavu, na zile za kumfuata Kristo zikiisha zilimwacha na furaha iliyobaki. Kutoka hapo kwenye kitanda kile ndiko ulikoanza utambuzi wa roho ambao hadi leo tunafundishwa seminarini. Kwa hiyo simu sikutupilia mbali. Nilichofanya, kila nikiiweka chini nilijiuliza swali la Inyasi: imeniacha mkavu au imeniacha hai? Jaribuni hata mkiwa wazima. Mtashangaa jinsi jibu linavyokuja haraka.

Juu ya Dominika, maana najua mtaniuliza. Misa sikwenda. Katekisimu namba 2181 inataja ugonjwa waziwazi kati ya sababu nzito zinazomwondolea mtu wajibu wa Dominika, na tukubaliane kwamba kukaa benchi moja na wazee huku unakohoa siyo uchaji. Nilisikiliza Misa ya Radio Maria nikiwa kitandani, nikafanya komunyo ya tamaa. Si sawa na kuwepo, na nilihisi kwamba si sawa. Njaa hiyo nayo ni sala. Mpako wa Wagonjwa sikuuomba, sakramenti hiyo ni kwa anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, ingawa tusisubiri hadi mtu azimie ndipo tumwite padre.

Sasa kuna rafiki yangu nilimsimulia haya kwa simu, akanijibu: "Frateri, wewe una mama wa kukuchemshia maji. Mimi nimepanga chumba peke yangu. Nikiumwa nafunga mlango, nalala, nikipata nguvu nakwenda kununua maji. Na nisipoendesha pikipiki siku mbili, hela ya bosi naitoa wapi?" Sina jibu la kumaliza hilo, na sitamwambia augue pole kana kwamba upole ni bure. Ila nimerudi tena kwenye nyumba ya Simoni. Mama yule hakuomba, alitajwa. Waliomtaja walikuwa wanaishi naye. Huyu rafiki yangu geto lake limezungukwa na vijana Wakatoliki, wako jumuiya moja, wanaimba kwaya moja. Asipoonekana mazoezini wanasema "amekuwa mvivu siku hizi".

Basi tuanzie hapo, kila mmoja wetu wiki hii. Nani hajaonekana? Mpigie, usitume emoji. Kama yuko karibu, mpelekee uji kwenye chupa ya chai na uuache mlangoni kama anakohoa. Muulize kama hela ya dawa ipo, na kama mnaweza, changeni kidogo ya kufidia siku zake mbili. Halafu usiku mtaje kwa jina katika rozari, jina analoitwa kwao, bila kumpangia Mungu la kufanya.

Tusali.

Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Simoni ukaambiwa kuna mtu ana homa, tunakutajia leo walio vitandani na magonjwa madogo ambayo hakuna anayeyauliza. Wengine wako peke yao vyumbani. Wengine wanaogopa kupoteza kazi. Wengine wamejaribu kusali wakalala. Wasogelee, washike mkono. Wabariki wanaochemsha maji na kugonga mlango kisha wakarudi nyuma. Mlinde bibi yangu na wazee wote katika baridi hii. Nasi unaotuinua kidogo kidogo, tupe subira ya leo. Amina.